Safu ya mwanahabari anayeugua: namna ya kuisoma bila kumeza yote wala kutema yote

Makala ya maoni ambamo mwanahabari anasimulia saratani yake, sukari yake au homa ya mtoto wake husomwa kuliko taarifa yoyote ya Wizara ya Afya. Asubuhi makala hayo huwa gazetini, kufikia adhuhuri yamepigwa picha na kuingia kwenye vikundi vya WhatsApp vya familia, na jioni mtangazaji wa redio ya Kidholuo anayajadili na wasikilizaji wake kutoka Ahero hadi Bondo. Mapokezi huwa ya namna mbili. Kuna anayeacha dawa zake za presha kesho yake kwa sababu hata yule wa gazeti aliacha. Na kuna anayesema hao wanalipwa tu, akayatupa yote pamoja na onyo la kweli lililokuwa humo. Wote wawili wamemhukumu mtu, ilhali kilichopaswa kuhukumiwa ni sentensi, moja baada ya nyingine.

Mwongozo huu ni wa yule anayeulizwa na wenzake, "hii ni kweli?" Anaweza kuwa mhudumu wa afya ya jamii, mwalimu, katibu wa chama, au binti ambaye jamaa wote humtumia kila wanachokiona. Kazi nzima huchukua kama dakika ishirini, na nyingi kati ya hizo ni za penseli.

Kwanza pata makala yenyewe

Picha ya skrini haitoshi. Hukatwa juu, ambapo kuna tarehe na jina la ukurasa, na hukatwa chini, ambapo mara nyingi ndipo penye kitu unachokitafuta. Tafuta makala kwenye tovuti ya gazeti au kwenye nakala ya karatasi. Maktaba za umma za Kisumu na Nakuru huweka magazeti. Ukiyapata, kagua mambo manne kabla hujasoma neno.

Tarehe. Makala ya ugonjwa huzunguka miaka mingi. Kama mwandishi analalamika kwamba NHIF, bima ya zamani ya afya ya taifa la Kenya, imekataa kumlipia, kama jambo linaloendelea sasa, basi aliandika kabla ya Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi yake, na ushauri wake kuhusu bili hauna kazi tena hata kama ushauri mwingine unafaa.

Ukurasa. Safu ya maoni haipitii mkononi mwa mwandishi wa sayansi kama inavyopita habari ya afya. Mhariri wa maoni huangalia lugha, urefu na hatari ya kushtakiwa. Si kawaida yake kumpigia daktari simu. Kwa hiyo neno "Maoni" juu ya ukurasa linakuambia ni ukaguzi gani ambao haujafanyika.

Kichwa. Mara nyingi mwandishi si yeye aliyekiandika. Huwekwa na mhariri msaidizi mwenye nafasi ndogo na haja kubwa ya kusomwa, kwa hiyo "Jinsi nilivyoishinda sukari" inaweza kuwa juu ya makala ambayo ndani yanasema sukari imeshuka tu. Usimlaumu mwandishi kwa kichwa, na usisambaze kwa sababu ya kichwa.

Mistari ya mwisho. Hapa ndipo penye "kwa hisani ya", "makala ya ushirikiano", jina la kliniki, au namba ya till ya kuagizia unga. Namba ya malipo chini ya simulizi ya ugonjwa hugeuza makala kuwa tangazo, hata kama kila neno lililo juu yake ni la kweli. Wala si lazima pesa ionekane: mwandishi anayetoa ushauri wa lishe huku akiwa na duka la virutubishi Milimani alipaswa kulitaja duka hilo ndani ya makala.

Penseli na herufi nne

Hii ndiyo sehemu yenye faida kubwa kuliko zote. Pembeni mwa kila sentensi andika herufi moja. P ni alichopitia mwenyewe: maumivu, foleni, bili, hofu. A ni alichoambiwa na daktari, maabara au rafiki. K ni anachokisia kuhusu chanzo cha ugonjwa au cha nafuu. S ni shauri analokupa wewe.

Chukua aya hii, iliyotungwa kwa ajili ya zoezi:

"Kwa miaka miwili nimepimwa taifodi mara sita, Nakuru na Kisumu, na kila mara karatasi imesema ninayo. Nimemeza dawa mpaka tumbo likachoka. Mwezi wa tatu rafiki alinipa unga wa mlonge; baada ya wiki tatu homa ikanitoka na haijarudi. Daktari wangu mwenyewe alishangaa. Ukweli ni kwamba asilimia 80 ya wanaopewa dawa hizi hawazihitaji. Ndugu yangu, achana na vidonge, rudi kwa majani ya mababu zako."

Sentensi ya kwanza ina P na A zilizofungwa pamoja. Kwamba alienda kupimwa mara sita, mwamini; yeye ndiye shahidi. Kwamba aliugua taifodi mara sita, hapana. Katika kliniki nyingi ndogo taifodi hupimwa kwa Widal, kipimo cha haraka ambacho hakitafuti bakteria bali kingamwili, yaani alama ambazo mwili huacha baada ya kupambana. Alama hizo zinaweza kubaki kwenye damu miezi mingi baada ya mtu kupona, na zinaweza kujitokeza kwa sababu ya maambukizi mengine, malaria ikiwemo. Katika eneo ambalo watu wengi wamewahi kukutana na vimelea hivyo, Widal moja yenye jibu la "ipo" ni ushahidi hafifu. Kipimo kinachomwonyesha bakteria mwenyewe ni kuotesha damu maabara. Huchukua siku kadhaa, na damu inafaa kutolewa kabla mgonjwa hajaanza antibayotiki, la sivyo bakteria wanaweza kukosekana ingawa walikuwepo. Kwa hiyo swali la kuandika pembeni ni: alipimwa kwa kipimo gani?

Sentensi ya pili ni P tupu. Tumbo kuchoka kwa antibayotiki ni jambo la kawaida, liache lilivyo.

Ya tatu imejificha. Inaonekana kama P: alikula unga, homa ikaisha. Lakini nukta mkato iliyo katikati inakuambia ya kwanza ilileta ya pili, na hiyo ni K. Homa nyingi za virusi huisha zenyewe ndani ya muda mfupi kuliko wiki tatu. Halafu angalia mwandishi anavyojifunga mwenyewe. Kama karatasi za maabara zilikosea, basi hakuwa na taifodi, na mlonge haukuponya taifodi yoyote. Kama zilikuwa sahihi, basi alikuwa ameshameza dozi kadhaa za dawa kabla ya mlonge, na huwezi kujua kipi kilifanya kazi. Yeye anaiamini hospitali inapompa ugonjwa, kisha anaikataa inapofika zamu ya tiba. Ukishaona mbinu hii mara moja, utaiona katika makala mengi ya aina hii.

"Daktari alishangaa" ni A isiyo na uzito. Hatujui alishangaa nini. Huenda alishangaa kusikia mtu amekaa na homa wiki tatu bila kurudi kliniki.

"Asilimia 80" ni K iliyovaa suti. Hakuna chanzo, hakuna mwaka, hakuna mahali. Inawezekana kabisa kwamba watu wengi hupewa dawa za taifodi bila kuzihitaji, kwa sababu ile ile ya Widal, lakini namba isiyo na mwenyewe ichukulie kama haipo.

Ya mwisho ni S, na hapo ndipo penye hatari. Taifodi halisi isiyotibiwa inaweza kutoboa utumbo, na mara nyingi hilo hutokea karibu na wiki ya tatu ya ugonjwa, yaani muda uleule ambao shauri hili linamtaka msomaji awe bado anasubiri unga ufanye kazi.

Sasa hesabu herufi. Makala yenye P nyingi, A zenye maelezo na S chache kwa kawaida ni ya mtu anayesimulia tu. Makala yanayoanza na P tatu za kuliza halafu yakamalizia na S mfululizo yanatumia machozi kukupitishia shauri. Mtego wa zoezi hili ni kuandika P kila mahali palipoandikwa "mimi". "Mimi nilipona kwa sababu ya kufunga na kuomba" ina mimi, lakini maneno "kwa sababu ya" yameigeuza K. Kila unapoona kwa sababu ya, kutokana na, ndiyo maana, ikanitoka, ikaisha, simamisha penseli.

Nafuu na dawa

Watu hujaribu kitu kipya wakiwa wamezidiwa. Maumivu ya mgongo, baridi yabisi, pumu, ukurutu na vidonda vya tumbo hupanda na kushuka vyenyewe, kwa hiyo anayeanza tiba siku mbaya kuliko zote ana nafasi nzuri ya kuwa afadhali mwezi unaofuata, hata kama alichokunywa ni maji ya mvua. Ndiyo maana watafiti hutafuta kundi la pili lisilopewa dawa. Mwandishi wa safu hana kundi la pili. Ana nafsi yake moja.

Kenya ina mfano wake mwenyewe. Mwaka 1990 dawa ya Kemron ilitangazwa kwa shangwe kuwa tumaini kwa wenye UKIMWI, na wagonjwa waliosema wamepata nafuu hawakuwa waongo. Majaribio yaliyofuata, yenye kundi la kulinganisha, hayakuona faida yake. Mwaka 2011 ikawa zamu ya kikombe cha Loliondo, dawa ya mitishamba iliyodaiwa kutibu magonjwa sugu, upande wa Tanzania, na watu wakavuka mpaka kutoka Kenya kwenda kukinywa. Aliyerudi akajisikia vizuri alisimulia kwenye kila basi. Aliyezidiwa nyumbani hakuwa na nguvu ya kusimulia, na aliyefariki hakuandika safu. Kwa hiyo kwa kila simulizi ya kupona, uliza wako wapi wengine waliofanya vivyo hivyo.

Kwa magonjwa mawili yanayotawala safu hizi, jifunze maneno machache ya kubana. Shinikizo la damu kwa kawaida halina dalili, kwa hiyo "niliacha dawa na najisikia vizuri" haisemi lolote; uliza mashine ilisoma ngapi, mara ngapi, na wiki ngapi baada ya kuacha. Kipimo cha 140 juu ya 90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti, bado ni presha hata kama mwenyewe anacheza mpira. Kwa kisukari cha aina ya pili, watu wengine kweli hufika mahali pa kutohitaji dawa, hasa wakipunguza uzito sana. Wataalamu wa kimataifa walikubaliana mwaka 2021 kuiita hali hiyo nafuu (remission) pale tu ambapo kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, kiko chini ya asilimia 6.5 angalau miezi mitatu baada ya kuacha dawa zote za sukari, na hata hapo mtu huendelea kupimwa. Mwandishi asiyetaja HbA1c wala miezi, aliyepima kidoleni mara moja asubuhi baada ya kulala njaa, hajaonyesha kwamba amefika huko.

Asilimia zinazotoka Kisumu

Safu zikitaka kuonekana za kisayansi huweka asilimia. Hakuna mahali pazuri pa kujifunzia kuliko utafiti uliofanyika papa hapa. Kati ya 2002 na 2006 vijana 2,784 wa Kisumu wenye umri wa miaka 18 hadi 24, wasio na virusi vya UKIMWI, waligawanywa kwa bahati nasibu: 1,391 wakatahiriwa mapema, 1,393 wakasubiri. Katika miaka miwili, 22 wa kundi la kwanza waliambukizwa, na 47 wa kundi la pili. Mwandishi mmoja ataandika "tohara hupunguza maambukizi kwa asilimia 53" na hatakuwa amedanganya. Mwingine ataandika kwamba kati ya kila vijana 100, maambukizi yalishuka kutoka kama 4 hadi kama 2 kwa miaka miwili, naye pia hajadanganya. Ya kwanza hulinganisha makundi mawili, ya pili inakuambia ukubwa wa jambo lenyewe. Safu nzuri hutoa zote mbili. Inayotoa moja tu kwa kawaida huchagua ile inayosaidia hoja yake.

Kutoka namba hizo chota maswali ya kudumu: kati ya watu wangapi, kwa muda gani, na akina nani. Waliopimwa walikuwa wanaume vijana. Anayenukuu utafiti huo kumshauri mwanamke wa Nyalenda kwamba mume aliyetahiriwa hawezi kumwambukiza ametoka nje ya utafiti kabisa. Na ukikutana na safu ya mwanamume aliyetahiriwa na bado akaambukizwa, kumbuka wale 22. Kisa chake hakipingi utafiti. Kilikuwa ndani yake tangu mwanzo.

Ndivyo ilivyo kwa chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyoanza kutolewa Kenya kutoka Homa Bay Septemba 2019. Katika jaribio kubwa, watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne walikuwa na vipindi vya malaria pungufu kwa takriban asilimia 36 katika miaka minne. Maana yake ni kwamba watoto wengi waliochanjwa bado wataugua. Mzazi anayeandika "mwanangu alichanjwa na akaugua, chanjo ni bure" amesema kweli kwenye P na amekosea kwenye K.

Mahali nako kuna uzito. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na malaria ni chache. Kisumu iko karibu mita 1,130, kando ya ziwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 uliona vimelea vya malaria kwa asilimia 19 ya watoto waliopimwa katika ukanda wa ziwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 6. Mwandishi wa Nakuru anayewacheka watu kwa kukimbilia kipimo cha malaria kila homa inapopanda yuko karibu na ukweli wa mtaani kwake. Mama wa Kombewa, kule Kisumu, akimfuata, mtoto wake anaweza kuchelewa, na malaria kwa mtoto mdogo inatakiwa ipimwe na kutibiwa ndani ya saa 24 tangu homa ianze.

"Utafiti unaonyesha"

Kama makala yanataja utafiti bila jina, andika kwenye PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya tafiti za tiba ambayo ni bure, jina la ugonjwa, jina la dawa au mmea, na nchi. Soma muhtasari tu. Unatafuta vitu vitatu: ni watu au panya, ni wangapi, na walilinganishwa na nani. Tafiti nyingi za mlonge, mwarobaini na kitunguu saumu ni za panya au za bakuli la maabara. Zina thamani yake, lakini hazijafika kwa shangazi yako. Muhtasari wa lugha nyepesi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa tiba, ni bora zaidi kwa sababu hukusanya tafiti nyingi pamoja. Usipopata kitu ndani ya dakika kumi, andika pembeni "chanzo hakijaonekana" na usonge mbele.

Na yule "Daktari" anayenukuliwa? Kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari, kuanzia muuguzi hadi mwenye kemisti, na hakuna ubaya katika maongezi. Kwenye gazeti kuna ubaya. Madaktari wamesajiliwa na KMPDC, yaani baraza la madaktari la Kenya, ambalo orodha yake inatafutika mtandaoni kwa jina. Maafisa wa kliniki wana baraza lao, wauguzi la kwao, wataalamu wa lishe wako chini ya taasisi yao, KNDI, na wafamasia chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. "Dkt." anayekosekana kwenye orodha zote anaweza kuwa na shahada ya uzamivu ya mawasiliano au uchumi. Ni msomi halali, ila kauli yake kuhusu figo ina uzito sawa na ya kwako.

Panapostahili kuaminiwa

Shaka ikizidi nayo huharibu. Kuna mambo ambayo mwanahabari mgonjwa anayajua kuliko utafiti wowote: alikaa saa ngapi kwenye foleni ya hospitali ya rufaa, bili ilikuwa kiasi gani, nani alimjibu vibaya, dawa ilimfanyia nini tumboni. Mwandishi mwenye ugonjwa wa selimundu (sickle cell), ambao ni mwingi huku kwa sababu kubeba jeni yake moja hukinga malaria kali, akiandika kwamba alifika na maumivu makali usiku akadhaniwa mraibu wa dawa za maumivu, hiyo ni P ya kuchukuliwa kwa uzito. Kumjibu "una ushahidi gani?" ni kutojua shaka inatumika wapi.

Simulizi pia inaweza kufanya kazi ambayo takwimu haiwezi. Machi 2000 mwanahabari wa Marekani Katie Couric, aliyefiwa na mume kwa saratani ya utumbo mpana mwaka 1998, alifanyiwa uchunguzi wa utumbo mbele ya kamera. Watafiti walioangalia rekodi za madaktari 400 waliona uchunguzi huo ukipanda kutoka wastani wa 15 kwa mwezi kwa kila daktari hadi karibu 18. Kilichomwokoa na lawama ni kwamba hakubuni shauri. Mashirika ya madaktari yalikuwa tayari yakipendekeza watu wa umri fulani wachunguzwe. Basi kipimo cha S yoyote ni hiki: je, mwandishi anakusukuma kwenda mahali ambapo mwongozo wa tiba tayari unaelekeza, au anakutoa hapo? Shauri la "nenda kapimwe mlango wa kizazi" halihitaji ushahidi mwingi kutoka kwake. Shauri la "acha dawa" linahitaji mwingi mno, na safu ya maneno 800 haiwezi kuubeba.

Kitu kimoja kidogo ambacho wengi hukipita: angalia anavyowaandika wengine. Anayeanika ugonjwa wa mamake au wa dada yake bila kusema wamekubali, huenda alikuwa na haraka kwingine pia. Nawe unaposambaza, usiongeze "ni yule wa karibu na stejini". Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2006 inakataza kufichua hali ya mtu ya virusi bila ridhaa yake, na kikundi cha WhatsApp cha watu 200 si chumba cha siri.

Kujibu kwenye kikundi

Usimwambie mtu mzima mbele ya watu kwamba ametuma uongo. Atatetea heshima yake, na makala yatapata mtetezi ambaye hayakuwa naye. Anza na sehemu ya P ambayo ni kweli, taja sentensi moja tu yenye tatizo, kisha toa hatua ya kufuata. Mfano:

"Mama Akinyi, asante kwa kutuletea. Nimesoma yote. Hapo kwa dawa kuchosha tumbo amesema kweli kabisa. Kuhusu kuziacha, hajatuonyesha mwingine aliyeacha akawa sawa, na chini kuna namba ya kuuza unga. Zako za presha tusiziguse kwanza. Alhamisi nikupeleke kliniki tumuulize mhudumu, twende na hiyo makala."

Kwenda na makala kliniki ni jambo zuri. Ipigie mstari sentensi moja na umwonyeshe mhudumu. Atakujibu kwa dakika moja kile ambacho asingekisema kama ungeuliza kwa jumla. Kama tayari mgonjwa anatumia unga au majani, apeleke pakiti yenyewe, kwa sababu dawa za mitishamba huweza kugongana na za hospitali, na mhudumu hawezi kukisia kilichomo.

Kumwandikia mhariri

Kosa la ukweli likiwa kubwa, andika. Barua isizidi maneno 150, isimtukane mwandishi, na inukuu sentensi yenyewe neno kwa neno, kwa mfano hivi: "Katika safu ya tarehe fulani, aya ya kwanza, imeandikwa kwamba asilimia 80 ya wanaopewa dawa hizi hawazihitaji. Chanzo hakikutajwa. Naomba kichapishwe, au sentensi iondolewe mtandaoni na marekebisho yatolewe. Aya hiyo pia inawashauri wagonjwa waache vidonge. Taifodi isiyotibiwa inaweza kutoboa utumbo." Barua zinazofeli ni zile zinazosema makala "yanapotosha" bila kutaja wapi. Hifadhi picha ya ukurasa wote wa mtandaoni kabla ya kutuma, kwa sababu sentensi inaweza kubadilishwa kimyakimya.

Usipojibiwa, kuna Tume ya Malalamishi ya Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya, iliyo chini ya sheria ya mwaka 2013. Tume haitaamua kama mlonge unatibu. Itaangalia kama maadili ya uandishi yamefuatwa: usahihi, na kutenganisha maoni, dhana na ukweli. Kwa hiyo andika lalamiko lako kwa lugha hiyo. "Makala ni ya kijinga" haiendi popote. "Dhana imeandikwa kama ukweli katika sentensi ya tano, bila chanzo" inaenda. Weka jina lako, chombo, tarehe, nakala ya makala na barua uliyomwandikia mhariri. Na kama makala yamekutaja wewe kwa habari isiyo ya kweli, Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kutaka irekebishwe au ifutwe.

Marekebisho yakichapishwa, yarudishe kwenye kikundi kilekile ambako makala yalipitia, ukiweka picha ya sentensi ya mwanzo na ya marekebisho pamoja. Waliosoma ya kwanza hawataitafuta ya pili wenyewe, na mara nyingi marekebisho huwekwa ukurasa wa ndani, kwa herufi ndogo, bila kichwa cha kuvutia.